Tusihesabu Sahihi Tu, Tuhesabu Waliobaki



Sisi tunaofanya kazi ya kuandikisha wanachama mashambani na viwandani tuna tabia moja mbaya, na ni heri tuiseme wenyewe kabla hatujasemwa. Tunapenda kuhesabu uchovu wetu. Ukituuliza kazi ya mwezi ilikuwaje, tutakuambia tulitembelea kambi ngapi, tulihutubia mikutano mingapi, na tairi la baiskeli lilipasuka mara ngapi. Ukituuliza ni nani aliyebaki katika chama kutokana na safari hizo zote, tunatazamana.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mali ya chama si fedha za ada peke yake. Mali yetu ya kwanza ni wakati. Mwandikishaji ana Jumapili nne kwa mwezi, ana jioni chache kabla giza halijaingia, na ana dakika kumi au kumi na tano langoni zamu zinapobadilishana. Tajiri ana karani, ana gari, na anaonana na wafanyakazi wote kila siku ya kazi. Sisi tukipoteza jioni moja, hatuna nyingine ya kuweka mahali pake.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kila tawi liandike matokeo ya kazi ya kuandikisha wanachama. Liandike wangapi walitia sahihi na wangapi walibaki, kisha litumie wakati wake kwa kufuata hesabu hiyo. Tena makao makuu yaache kutupima kwa wingi wa fomu.

Yaliyotupata wenyewe

Msimu mmoja wa mvua, majani ya chai yalipokuwa mengi na kampuni imeita vibarua wengi, tuliamua kuandikisha wanachama katika shamba moja kubwa upande wa magharibi mwa Uganda. Tulifanya mikutano mitatu langoni mwa kiwanda. Watu walijaa, wakapiga makofi, wengine wakaimba. Matayarisho yake yalitumaliza majuma matatu. Tulirudi tawini na fomu 86, tukapeleka habari makao makuu, tukapongezwa.

Mwezi wa tatu tulipata orodha ya makato ya ada kutoka ofisi ya mishahara. Majina yalikuwa 19.

Tulikasirika. Tukasema wafanyakazi wa siku hizi ni waoga, hawana shukrani, wanataka chama kiwapiganie bila kutoa senti. Tulikuwa tayari kuliacha shamba lile na kwenda kwingine. Ndipo mama mmoja mchumaji, mwanachama wa siku nyingi, akatuuliza: "Wanangu, hao mnaosema wamewakimbia, mliwafuata mkawauliza?"

Hatukuwa tumewauliza. Tukarudi kambi kwa kambi na daftari la shule la kurasa 48. Tuliyoyakuta yalitutia aibu.

Wengi hawakuwa wameondoka kabisa. Fomu zao zilikuwa zimelala ndani ya mtoto wa meza ya karani wa mishahara, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuzidai. Mfanyakazi alitazama karatasi yake ya mshahara, asione makato, akasema chama kimechukua sahihi yake na kumsahau. Wengine walikuwa vibarua wa msimu, wakarudi kwao majani yalipopungua. Wengine walikuwa wametueleza shida ya mizani, kwamba kilo zinapunguzwa jioni, tukaahidi kulishughulikia, tusirudi kutoa jibu. Waliotishwa na nyapara walikuwepo, lakini walikuwa wachache kuliko tulivyodhani.

Tena tukaangalia wale 19 waliobaki. Sita tu walitoka katika mikutano yetu mitatu ya langoni, ambako tulipata fomu 71. Waliosalia 13 waliletwa na mama yule na wenzake wawili, waliokuwa wakizungumza na wachumaji bombani, jioni, baada ya kupima majani. Wao walileta fomu 15 tu, na katika hizo 15 wakabaki 13. Kazi ile ya bombani sisi hatukuihesabu kuwa kazi. Hatukuipa hata kalamu.

Mwalimu wa michezo kutoka ng'ambo

Baada ya hayo jambo dogo likatufungua macho zaidi. Mwanachama wetu mmoja, mzaliwa wa milima ya Sebei, ana kijana anayekimbia vizuri shuleni. Kijana alipata ujumbe katika simu kutoka kwa mwalimu wa riadha wa chuo kimoja cha Marekani. Mwalimu aliuliza mambo tuliyoyatarajia: unakimbia kwa dakika ngapi, alama zako za masomo zikoje. Lakini mwishoni aliuliza pia: nani aliyekueleza habari za chuo chetu?

Baba yake alituletea ujumbe ule akitaka kujua swali hilo la mwisho lina maana gani. Nasi tukaulizia kwa wanaoijua kazi hiyo, tukaona kwamba mwalimu yule na sisi tunafanya kazi moja.

Marekani vyuo vikuu vina timu kubwa za michezo. Mwanafunzi kwa kawaida huchezea chuo miaka minne, kisha huondoka. Kwa hiyo mwalimu kila mwaka hupoteza watu na kila mwaka hana budi kutafuta wengine, kama vile sisi tunavyopoteza wanachama kila msimu unapokwisha. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kiitwacho NCAA, kimeweka kalenda. Kuna siku ambazo mwalimu anaruhusiwa kuonana na vijana, kuna siku za kutazama tu wakicheza, na kuna siku ambazo haruhusiwi kuonana nao ana kwa ana hata kidogo. Fedha nazo zina mpaka. Kwa miaka mingi, chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa kutoa ufadhili wa masomo kamili 12.6 tu kwa timu nzima ya riadha ya wanaume, wakimbiaji, warukaji na warushaji pamoja, nao ulikatwa vipande kama mkate. Utaratibu huo ulibadilishwa mwaka 2025, lakini mwalimu bado hana siku wala fedha za kumtosha kila mtu.

Mtu wa namna hiyo hawezi kukimbia huku na huku. Mwenye busara huandika: kijana huyu tulimpata wapi, kwa njia ya nani, tulitumia siku ngapi kumfuata, je, alikuja, na alipokuja, je, alikaa? Baada ya miaka michache daftari humwambia kwamba katika mji fulani amekwenda mara nyingi bila kupata mtu, na kwamba mwalimu fulani wa shule ndogo amemletea wakimbiaji waliomaliza masomo wote. Basi mwaka unaofuata anajua pa kupeleka siku zake.

Afrika Mashariki tunaijua kazi hiyo kwa matunda yake. Mwaka 1977 Samson Kimobwa wa Kenya, mwanafunzi wa Washington State University, aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000. Mwaka 1978 Mkenya mwenzake wa chuo hicho hicho, Henry Rono, aliivunja, na katika siku 81 akavunja rekodi nne za dunia. Ndugu Suleiman Nyambui wa Tanzania alisoma na kukimbia katika chuo kikuu cha Texas kilichoko El Paso, naye alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow ya 1980. Chuo kikishampokea mkimbiaji mmoja wa kwetu akafanikiwa, wenzake nyumbani hujua njia. Hicho ndicho kisa cha mwalimu kuuliza, "Nani aliyekueleza?" Ni swali la bombani lile lile. Anataka kujua mama yake mchumaji ni nani.

Na kuna fundisho jingine. Tangu mwaka 2018 vyuo hivyo vina orodha maalumu ambamo mchezaji anayetaka kuhamia chuo kingine huandikisha jina lake, na wanaohama ni wengi. Mwalimu aliyekuwa akijisifu kwa idadi ya vijana waliotia sahihi huweza kuamka na kukuta nusu ya timu wanafungasha mizigo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sahihi ni mwanzo wa kazi.

Yasiyofaa kuigwa

Hatusemi kila jambo la mwalimu yule ni jema. Michezo ya vyuo vya Marekani ni biashara ya fedha nyingi mno, na kwa miaka mingi wachezaji wenyewe hawakulipwa mshahara. Kijana aliweza kuhesabiwa kama gunia katika ghala. Ndiyo maana wachezaji nao wakaanza kutafuta chama. Mwaka 2014 wachezaji wa timu ya mpira wa Kimarekani wa Northwestern University waliomba kutambuliwa kuwa wafanyakazi, lakini mwaka 2015 bodi ya serikali ya mambo ya kazi ikakataa kulishughulikia ombi lao.  Ilikuwa 2024 ndipo wachezaji wa mpira wa kikapu wa Dartmouth College walipopiga kura, 13 wakakubali kujiunga na chama cha wafanyakazi na 2 wakakataa. Chuo kilikataa kujadiliana nao, na mwisho wa mwaka huo ombi likaondolewa.

Tunayataja hayo kwa sababu moja. Hesabu ni jembe. Tajiri huhesabu watu ili awatumie. Sisi tuhesabu kazi yetu wenyewe ili tuwatumikie watu vizuri zaidi. Anayepimwa katika daftari letu ni mwandikishaji, wala si mfanyakazi.

Namna ya kuandika

Daftari hili halihitaji msomi. Sisi wenyewe tuliishia shule ya msingi, na linatutosha. Piga mistari sita tu:

Kwanza, tarehe na mahali: lango, kambi, bomba, zahanati, banda la mizani.

Pili, njia iliyotumika: mkutano, nyumba kwa nyumba, au mwanachama kumleta mwenzake.

Tatu, saa zilizotumika, pamoja na saa za njiani. Hapa tusijidanganye.

Nne, waliozungumza nasi ni wangapi, na waliotia sahihi ni wangapi.

Tano, makato yalianza lini. Kama mwezi wa kwanza umepita na makato hayakuanza, mtu aende ofisi ya mishahara siku hiyo hiyo.

Sita, baada ya miezi mitatu, wangapi wapo bado, na walioondoka wanatoa sababu gani.

Mstari wa sita ndio unaopima mingine yote. Mwisho wa msimu kaeni pamoja, mgawanye waliobaki kwa saa mlizotumia. Hapo mtajua saa moja ya langoni huleta nini na saa moja ya bombani huleta nini. Sisi tulipofanya hivyo tulipunguza mikutano mitatu ikawa mmoja, tukatumia muda uliobaki kuwafundisha wanachama kumi namna ya kuzungumza na wenzao na namna ya kupokea malalamiko. Jumatatu moja kila mwezi tukaitenga kwa ajili ya karani wa mishahara tu.

Mambo matatu ya kuangalia

La kwanza ni usalama, na hili tulijifunza kwa uchungu. Daftari letu la kwanza tuliliandika majina. Siku moja lilisahauliwa juu ya benchi la kibanda cha chai, nyapara akaliokota. Mwezi uliofuata vibarua wawili ambao majina yao yalikuwamo hawakuitwa kazini. Hakuna aliyesema sababu, na hatukuweza kuthibitisha lolote. Mmoja alikuwa na watoto wanne. Tulichanga tukampa kidogo, lakini mchango haurudishi kazi. Tangu siku hiyo daftari la kutembea nalo lina hesabu tu, bila jina hata moja. Majina hukaa katika fomu, na fomu hukaa ofisi ya tawi chini ya kufuli. Ndugu waandikishaji, msingoje yawapate ndipo mjifunze.

La pili ni kutofautisha sifuri na sifuri. Daftari letu lilionyesha kwamba zamu ya usiku kiwandani haikuleta mwanachama hata mmoja. Mwenzetu akasema tuiache. Tulipotazama vizuri tukaona hatukuwa tumekwenda huko hata mara moja. Hiyo haikuwa sifuri ya wafanyakazi, ilikuwa sifuri yetu. Vivyo hivyo wanaonyunyizia dawa, ambao huanza kazi alfajiri na kukaa mbali na kambi kubwa. Wao ndio wenye shida kubwa zaidi ya vifaa vya kujikinga, na wao ndio tuliowasahau. Kabla hamjasema mahali fulani hapazai, hakikisheni mlipanda.

La tatu ni kwamba chama si duka. Pako mahali ambapo saa nyingi zitaleta watu wachache, na bado ni wajibu wetu kwenda, kwa sababu watu hao wanaonewa. Daftari halitukatazi kwenda. Linatuambia gharama yake, ili tupange wakati huo kwa makusudi, na tusije tukaukosa kwa kuwa tumeumaliza kwenye makofi ya langoni.

Kwa makao makuu

Sasa tunawageukia viongozi wetu, kwa heshima. Kila mwezi mnatuletea karatasi ya kujaza yenye swali moja tu: wanachama wapya wangapi? Mtu akiulizwa swali hilo kila mwezi, ataleta jibu la swali hilo. Atakwenda palipo na watu wengi, atakusanya sahihi upesi, ataondoka. Aliyekaa mwezi mzima akifuatilia fomu zilizolala na kujibu malalamiko ya mizani ataonekana mvivu. Twaomba karatasi iongezwe maswali mawili: wa miezi mitatu iliyopita wangapi wapo bado, na walioondoka wamesema nini?

Msidhani ni jambo dogo. Kenya, sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 inataka chama kiwe kimeandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaohusika ndipo mwajiri alazimike kukitambua. Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inatoa haki ya kujadiliana kwa chama chenye wafanyakazi walio wengi. Kwetu Uganda, Katiba ya 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama akipendacho. Lakini katika nchi zote tatu, siku ya majadiliano meneja hatazami picha za mkutano wetu wa langoni. Hutazama orodha ya makato. Tukiingia chumbani tukidhani tuko 86, naye ameshika karatasi yenye 19, ni nani atakayezungumza kwa nguvu?

Mama yule mchumaji hajui kuandika zaidi ya jina lake. Hata hivyo, yeye alijua hesabu ya chama kuliko sisi wenye kalamu, kwa sababu kila jioni aliwaona watu wake bombani na alijua nani hayupo. Sisi tunaozunguka mashamba mengi hatuwezi kuwaona wote kila jioni. Basi daftari liwe macho yetu.

Nunueni daftari moja la shule mshahara ujao. Pigeni mistari sita. Umoja ni nguvu, na umoja huo tuujue idadi yake.